Yai la Kutoka Bombo

Ilikuwa ndizi moja tu. Bogoya moja, tena ndogo, na nilimpa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Sasa niambieni, kosa liko wapi?

Lakini watu wa mashindano ya baiskeli hawana watoto, nadhani. Mwaka jana binti yangu Zuleika alikuwa amebakiza kilomita kumi na mbili amalize safari ya kilomita mia mbili na hamsini hivi, kutoka Old Kampala hadi Migyera na kurudi, siku moja, bila kulala. Mimi nilikuwa nyuma yake na pikapu yangu. Nikamwona anayumba. Nikamsogelea, nikashusha kioo, nikanyoosha mkono: "Zule, shika." Akashika bila kuangalia, akala. Alivyochoka, hata ningempa sabuni angekula. Mara akatokea msimamizi wa barabara, mwanamke mmoja aitwaye Joska, ana pikipiki nyekundu na macho ya kipanga. Akapuliza filimbi. Jina la mtoto likafutwa pale pale.

Sharti lao ni hili, na nakiri kwamba sikuwa nimelisoma. Gari la msaada linakutana na mwendeshaji kwenye vituo tu. Vituo ni vitatu: Luwero wakati wa kwenda, Migyera pale pa kugeuzia, na Luwero tena wakati wa kurudi. Hapo mpe maji, mpe wali, mkande miguu, mwimbie ukitaka. Katikati ya vituo ajitegemee. Tairi ikipasuka azibe mwenyewe. Njaa ikimshika ale alichobeba, au anunue dukani kama mtu mwingine yeyote. Akipokea kitu kutoka kwa watu wake, ametoka.

Basi watu wa soko la Nakivubo, ambao hawana adabu, wakambandika jina: Zuleika Ndizi. Aliyeanza ni Bisimwa, Mkongomani anayeuza vipuri vya baiskeli pale, tena ni rafiki yangu, Mungu amsamehe. Jina likapanda kilima likafika shuleni anakofundisha. Darasa la nne wakaanza kumwita Mwalimu Ndizi. Kwenye chama chao cha baiskeli wanaume wakawa wanasema, "Wanawake nao wanafika, bora baba awe karibu." Hilo ndilo lililomuuma mtoto wangu.

Hakuninunia. Alinisalimia kila asubuhi, alinipakulia chakula. Ila tangu siku ile hakupanda gari langu. Mwaka mzima! Tunatoka nyumba moja Kisugu, tunaelekea njia moja, mvua inanyesha ya mawe, mimi nimekaa ndani ya pikapu na kiti cha mbele kitupu, yeye ananipita kwenye foleni na baiskeli yake, ameloa chapachapa, ananipungia mkono. Mimi ni dereva wa miaka thelathini. Nimebeba ng'ombe, nimebeba maiti, nimebeba bibi harusi na kabati lake. Nikashindwa kumbeba mtoto wangu.

Kwa hiyo mwaka huu aliponijia akasema, "Baba, nataka wewe uendeshe gari la msaada," moyo uliniruka.

"Mimi?"

"Wewe. Bisimwa atakuwa fundi. Lakini ukinipa kitu nje ya kituo, hata mate, basi. Sitakuomba tena."

Mke wangu Nusura alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mfunge mikono kwanza," akasema.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, chini ya msikiti mkubwa, watu bado wanatoka kuswali alfajiri. Waendeshaji kama arobaini. Zuleika alikuwa amevaa suruali yake ndefu, kilemba chembamba chini ya helmeti, na nyuma ya kiti ameninginiza mkoba. Nikaushika. Mzito!

"Umebeba nini humu, jiwe la kusagia?"

"Vitu vyangu, Baba."

"Pampu, viraka, tyubu, hivyo nimeviona. Hiki kilichofungwa kwenye nailoni ni nini?"

"Baba. Vitu vyangu."

Nikauachia. Bisimwa akanivuta shati. "Papa Karimu, ingia ndani ya gari. Hatujaanza bado na tayari uko unasaidia."

Nisiwachoshe na habari za asubuhi. Luwero alifika vizuri, akanywa, akala wali, akaondoka. Kazi yetu ilikuwa kwenda kumngoja kituo cha mbele. Sasa, tumepita njia ya kuingilia Nakasongola, jua limewaka kama limetumwa, tukamwona mbele yetu amekaa chini kando ya lami. Tairi ya nyuma iko magotini mwake. Anatafuta tundu kwa kuweka tyubu karibu na shavu, asikie upepo unakotoka. Mimi kwenye gari nina pampu kubwa ya mguu ambayo ingejaza tairi ile kwa dakika moja.

"Angalia mbele," Bisimwa akaniambia.

"Naangalia mbele."

"Unaangalia kioo."

"Kioo kiko mbele!"

Tukampita. Hakutupungia, na sisi hatukupiga honi. Alipotokea Migyera baada ya dakika arobaini, mikono imejaa grisi na tairi imejaa upepo, nilimpa maji nikageuka pembeni nifute macho. Bisimwa akauliza kama ni vumbi. Nikamwambia ni vumbi.

Kurudi, Luwero tena, kituo cha mwisho. Saa kumi na robo. Alitakiwa awe Old Kampala kabla ya saa mbili usiku. Alikuwa amechoka lakini macho yake yalikuwa yake. Akala nusu ya chakula, akasukuma sahani, akaondoka. Kutoka hapo mpaka mwisho hakuna kituo tena. Nikapumua. Nikasema, Alhamdulillahi, sasa hata nikitaka kuharibu sina pa kuharibia.

Ndipo Bisimwa, anamenya mhogo wake taratibu, akauliza, "Papa Karimu, mama yako si anakaa Bombo?"

Banange! Bombo iko katikati ya Luwero na Kampala. Nyumba ya mama yangu iko barabarani kabisa, ukitema mate dirishani yanaanguka kwenye lami. Mwaka jana alikuwa Arua kwenye msiba. Mwaka huu yuko.

Inabidi mumfahamu mama yangu. Ana miaka themanini na minne, wajukuu wote wanamwita Haboba, yaani bibi kwetu sisi Wanubi. Hajawahi kuona mtu anapita mlangoni bila kumlisha. Amelisha watoza ushuru. Wakati wa vita amelisha wanajeshi wa pande zote mbili, siku tofauti. Zamani walimkamata mwizi jikoni kwake, akawaambia wangojee amalize kula ndiyo wampeleke polisi. Na mjukuu hapiti kwa Haboba bila kushuka kusalimia. Hilo halipo. Hata ungekuwa unakimbia moto, unashuka kwanza, unasalimia, halafu unaendelea kukimbia moto wako.

Niliendesha mpaka Bisimwa akaanza kusali kwa Kishi, lugha ya kwao.

Nilimkuta Mama amekaa nje kwenye kigoda, kanga ya kijani, kapu mbele yake limefunikwa kitambaa cheupe. Nikajua tumekwisha.

"Shikamoo Mama. Ndani ya kapu kuna nini?"

"Marahaba. Wewe ni polisi?"

Nikachuchumaa, nikamweleza. Sharti, vituo, ndizi, filimbi, jina la Nakivubo, darasa la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo si kawaida yake.

"Huyo aliyeandika sharti," akasema, "ana mama?"

"Sijui, Mama."

"Mtoto wangu apite mlangoni na njaa, mimi nimwangalie tu?"

"Mwangalie tu."

"Na wewe ndiye uliyempa ndizi."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa umeokoka?"

Bisimwa alicheka mpaka mhogo ukamkwama. Mimi sikucheka. Nilimshika mama yangu miguu. Nikamwambia, huyu mtoto ananipa nafasi hii moja, Mama, na nikiiharibu tena sina nyingine. Naomba, usimpe kitu. Akanipiga kikofi kidogo cha shavu kama nilipokuwa na miaka saba.

"Basi. Sitampa kitu mkononi."

Nikavusha gari ng'ambo ya barabara, mbali, nikarudi kwa miguu nikasimama na mikono nyuma. Haikupita muda pikipiki nyekundu ikasimama. Joska akavua kofia ngumu.

"Mzee," akasema. "Wewe tena."

"Nimekuja kumsalimia mama yangu. Kuna sharti la kumsalimia mama?"

"Salimia. Mimi naangalia tu."

Zuleika akatokea kutoka upande wa Wobulenzi, anakanyaga polepole, midomo imekauka nyeupe. Alinipita mimi kama nguzo ya umeme. Akashuka mbele ya Haboba, akaegemeza baiskeli, akafungua mkoba. Akatoa kile kilichofungwa kwenye nailoni. Kilo nzima ya sukari na pakiti ya majani ya chai! Kilo nzima, toka Kisugu mpaka Migyera, mlima na bonde, mtoto amebeba sukari kwa sababu kwa Haboba huendi mikono mitupu. Na angeweza kuniachia mimi kwenye gari. Akapiga magoti, akaitoa kwa mikono miwili.

"Haboba, siwezi kukaa. Nisamehe."

"Nimesikia, mama. Baba yako amenichosha na maneno." Haboba akapokea sukari, akaiweka chini, akainua mikono akaanza dua. Dua ndefu. Aliwataja marehemu wote, na spoku za baiskeli. Joska alikuwa amefungua karatasi ya masharti, anasoma mbele, anageuza nyuma.

"Dua ni msaada?" Bisimwa akamchokoza.

"Hapa hawakuandika dua," Joska akasema. "Aombe."

Haboba akamaliza, akamkumbatia mjukuu. Alimkumbatia kwa nguvu, mikono yote miwili mgongoni. Na mimi, niliyesimama nyuma ya Zuleika, nikaona. Mkono wa kushoto wa mama yangu ulitoka chini ya kanga, ukashuka, ukaingia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, ukatoka mtupu. Haraka, kama mtu anayefanya hivyo kila siku miaka sitini. Zuleika hakusikia chochote. Akapanda baiskeli akaondoka, na Joska akaondoka nyuma yake.

"Mama! Umemwekea nini?"

"Yai moja. La kuchemsha. Na chumvi kidogo."

"Umeniahidi!"

"Nimekuahidi mkononi. Pale ni mkononi?"

Mama wa watu utamfanya nini? Nilishika kichwa. Nikamwambia Bisimwa, tumfukuze, tumwambie alitupe. Bisimwa, ambaye kumbe alisoma masharti yote kwa sababu hana kazi, akasema hapana, kumfuata njiani na kumwambia neno pia ni kosa. Kukaa kimya, basi. "Nani aliona? Wewe peke yako. Funga kinywa, Papa Karimu. Akikuta yai atakula, atafikiri ni la kwake. Ataingia kwa nguvu, jina la Ndizi litakufa, kila mtu atafurahi."

Maneno ya Bisimwa yalikuwa matamu, nisidanganye. Tulimpita Zuleika karibu na Matugga. Alikuwa amelala juu ya usukani, kichwa kinacheza, na mkono mmoja umeenda nyuma mfukoni. Safari hii kwenye kioo niliangalia makusudi. Gari likapinda, sikuona zaidi.

Old Kampala walikuwa wameweka meza na taa. Saa moja na dakika kumi. Waendeshaji kumi na tatu walishafika. Joska aliingia, akakaa mezani, akaanza kuandika. Mimi nikazunguka gari langu mara tatu, mara nne. Mtoto wangu aliniomba kitu kimoja tu maishani: asimalize kwa mkono wa mtu. Kama amekula lile yai na mimi ninajua na nimekaa kimya, basi kila watakapompigia makofi, mimi peke yangu nitajua kwamba bado ni Ndizi. Na kama nikisema, nimemwua mwenyewe, mara ya pili, kwa mdomo badala ya mkono.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia kuku aliyetaga. Halafu nikaenda mezani.

"Joska, mwanangu. Mama yangu amemtia Zuleika yai mfukoni pale Bombo. Mtoto hajui. Nimeona mimi."

Bisimwa nyuma yangu akasema "Maskini!" akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Joska aliacha kuandika. "Mzee, kwa nini wewe naniambia?"

"Kwa sababu ningejua."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Mimi tangoja," akasema. Basi.

Saa moja na dakika arobaini na mbili Zuleika alipanda kile kilima cha mwisho. Alipanda ameinuka kwenye pedali, anatukana, mjukuu wa mwalimu wa Kurani kwa upande wa mama! Watu wa Nakivubo walikuwa wamejaa pale, wanapiga kelele: "Ndizi! Ndizi! Ndizi!" Akavuka mstari, akashuka, miguu ikamkataa, akatembea hivyo hivyo mpaka mezani kwa Joska. Hakuniangalia. Akapeleka mkono nyuma, akatoa yai, akaliweka juu ya karatasi. Akaweka na kile kijikaratasi cha chumvi kando yake.

"Hili limenifuata kutoka Bombo," akasema, sauti haipo. "Nimelikuta Matugga nikitafuta biskuti yangu, na biskuti ilishakwisha. Kula siwezi, ni la mtu wangu. Kutupa siwezi, ni la Haboba. Nimelileta. Fanyeni mnavyotaka."

Hata wa Nakivubo walinyamaza, na hao hawanyamazi hata kwenye mazishi.

Joska alichukua yai, akaligeuza chini ya taa. Ganda lilikuwa limepasuka upande mmoja kwa kugongwagongwa njiani, lakini lilikuwa zima, halijamenywa hata kidogo. Akalirudisha mezani.

"Hii yai nilishaambiwa," akasema. "Mzee huyu alisema kabla wewe hujafika."

Zuleika akageuka. Uso wake wote ulikuwa chumvi na vumbi.

"Baba. Umenisema?"

"Nimekusema," nikajibu.

Joska akavuta daftari. "Sharti nasema kupokea. Wewe hukupokea, wamekuwekea. Na hukukula, na ulikuwa na njaa, mimi niliona kule barabarani vile unaendesha kama mlevi." Akaandika, akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Zuleika Abdul-Karim. Amemaliza. Peke yake."

Kelele zilizofuata sitaki kuzieleza. Bisimwa alicheza. Mtu mmoja akauliza, kwa hiyo sasa tumwiteje? Bisimwa, huyo huyo mwenye mdomo, akapaza sauti: "Ndizi imekufa! Sasa tuna Mzee Yai!" Na ndivyo wananiita mpaka leo. Napita Nakivubo kutafuta fanibelti, wauza viatu wananiita Mzee Yai, wauza nyanya wananiita Mzee Yai. Waite. Jina nalibeba mimi, halimgusi mtoto.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya gari.

Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda kuwasha pikapu, nikijua ataondoka kwa baiskeli kama kawaida yake. Kumbe nasikia kishindo nyuma: baiskeli imelazwa kwenye bodi. Bisimwa alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Mlango wake ukafunguliwa.

"Bisimwa, nenda nyuma na baiskeli," Zuleika akasema.

"Miye? Na baridi hii?"

"Wewe ndiye uliyeanza ile Ndizi."

Bisimwa akaenda nyuma. Zuleika akakaa, akavuta mlango, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikaingiza gia polepole kama nimebeba mayai trei kumi. Tulifika chini ya kilima. Kisha nikasikia kitu kinagongwa kwenye dashibodi, tok, tok. Alikuwa anamenya lile yai, kumbe alilichukua mezani. Akalipasua mara mbili, akanyunyiza chumvi ya Haboba, akanyoosha mkono.

"Baba, shika."

Nikaangalia kioo kwanza. Kulia, kushoto, nyuma. Hakuna pikipiki nyekundu.

"Baba! Tumeshafika. Kula."

Nikala.